Malaria Kali na Kifo cha Seli: Mjadala Kati ya Oksidishaji na Mchochota

Hoja iliyo mezani

Malaria kali inayosababishwa na kimelea Plasmodium falciparum ina fumbo ambalo wingi wa vimelea katika damu hautoshi kulifumbua, kwa maana kimelea hiki, kikishatoka kwenye ini, huishi ndani ya seli nyekundu za damu na hakiingii katika seli za ubongo, za figo wala za mapafu, ilhali viungo hivyo ndivyo vinavyoshindwa kazi mgonjwa anapozidiwa. Seli ambazo kimelea hakijazigusa hufa, na swali la kitu gani huziua limewagawa wataalamu katika mikondo miwili iliyojibizana kwa miongo kadhaa. Mkondo mmoja hutaja msongo wa oksidishaji, yaani hali ambamo molekuli kali zinazotokana na oksijeni huzalishwa kwa kasi inayozidi uwezo wa seli wa kuzizima. Mkondo wa pili hutaja mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au vijidudu, ambao dalili zake nne za wekundu, uvimbe, joto na maumivu ziliorodheshwa na Mrumi Celsus tangu karne ya 1.

Hoja inayojadiliwa imeandikwa hivi: "Katika malaria kali, kinachoua seli kimsingi ni msongo wa oksidishaji, na mchochota ni matokeo yake." Upande wa kuunga mkono unasimamiwa na Mwanabiokemia, upande wa kupinga unasimamiwa na Mtaalamu wa Kinga, na Daktari wa wodi ya watoto ameitwa kutoa ushahidi wa yanayotokea kitandani, kwa kuwa nadharia yoyote ya ugonjwa huu hatimaye hupimwa huko. Watatu hao ni sauti za mikondo ya fikra wala si watu mahususi, lakini ushahidi wanaouleta unatokana na tafiti zilizochapishwa.

Upande wa kuunga mkono

MWANABIOKEMIA: Mwenyekiti, mjadala huu hauna budi kuanzia pale kimelea kinapokula. Ndani ya seli nyekundu, kimelea humeng'enya sehemu kubwa ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, na kila hemoglobini inapovunjwa hubaki hemu, yaani kiini chake chenye atomu ya chuma. Hemu iliyo huru ni sumu hata kwa kimelea chenyewe, ndiyo maana kimelea huigandisha kuwa fuwele za rangi ya kahawia iliyokoza zinazoitwa hemozoini, na ndiyo maana klorokwini, ambayo huzuia ugandishaji huo, ilikuwa dawa ya kutegemewa kabla vimelea havijawa sugu kwake. Lakini seli nyekundu zilizoambukizwa zinapopasuka, jambo linalotokea kila baada ya saa 48 hivi, hemoglobini na hemu ambazo hazikugandishwa humwagika katika damu, na chuma kilichokuwa kimefungwa salama hukutana na hidrojeni peroksidi, ambayo seli hai huizalisha kila siku kwa kiasi kidogo.

Msingi wa kinachofuata ulielezwa na mwanakemia Mwingereza Henry Fenton mwaka 1894, alipoonyesha kwamba chuma na hidrojeni peroksidi vikichanganywa hupata nguvu kubwa ya kuoksidisha, na kemia ya baadaye ikaitaja radikali ya hidroksili kuwa ndiyo yenye nguvu hiyo. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzi wake, na kwa kuwa elektroni hutulia zikiwa mbili mbili, molekuli hiyo huinyang'anya elektroni molekuli yoyote iliyo karibu. Ikiyanyang'anya mafuta yanayojenga utando wa seli, mafuta hayo nayo hugeuka radikali na kuwanyang'anya majirani, na mnyororo huo huendelea mpaka utando unavuja. Ikizifikia protini, hupoteza umbo. Ikiifikia DNA, hukatika.

Seli haikuachwa bila ulinzi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walieleza kimeng'enya kinachoitwa supaoksidi dismutesi, ambacho huigeuza supaoksidi, yaani oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada, kuwa hidrojeni peroksidi na oksijeni ya kawaida, kisha vimeng'enya vingine, kwa msaada wa molekuli iitwayo glutathioni, huimalizia peroksidi hiyo kuwa maji. Ulinzi huo ukizidiwa, hatari huhamia kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati, kwa kuwa utando wake ukitoboka huvujisha protini iitwayo saitokromu c, na kuvuja kwake huwa amri kwa seli ijivunje yenyewe kwa utaratibu, kifo kilichopewa jina la apoptosi mwaka 1972. Na pale mafuta ya utando yanapooksidishwa kupita kiasi kwa msaada wa chuma, seli hufa kwa njia nyingine, ambayo mwaka 2012 ilipewa jina la feroptosi kwa sababu ya chuma hicho.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho autazame mkojo wa baadhi ya wagonjwa wa malaria kali, ambao huwa mweusi kama kahawa kwa sababu ya hemoglobini iliyochujwa kutoka kwenye damu. Hemoglobini hiyo hupita katika mirija midogo ya figo ikiwa na chuma chake, huoksidisha mafuta ya utando wa seli zinazoitandika mirija hiyo, na figo huacha kufanya kazi. Mwisho wa ushahidi kwa sasa ni Pemba, ambako watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walishirikishwa katika utafiti wa kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki, na mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 12 wa kufariki au kulazwa kwa maradhi makali. Chuma kilichoongezwa mahali penye malaria nyingi kilidhuru, na kemia ya chuma ni kemia ya oksidishaji.

Upande wa kupinga

MTAALAMU WA KINGA: Mwenyekiti, msemaji aliyetangulia ameeleza kemia kwa ufasaha, ila amekimbilia hitimisho ambalo Pemba haikulitoa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalikuwa na sehemu ya pili iliyochunguza kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, na humo watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika kwa kupewa chuma. Kama chuma kingekuwa sumu kwa sababu tu ya kemia yake, kingewadhuru wote. Chuma ni chakula cha kimelea na cha bakteria pia, hivyo madhara ya Pemba yanaweza kuelezwa kwa maambukizi yaliyonawiri, bila kuitaja radikali hata moja.

Kinachoipambanua Plasmodium falciparum na vimelea vingine vya malaria ni tabia yake ya kujificha. Kimelea kinapokomaa, hupachika juu ya seli nyekundu iliyokihifadhi protini zinazonata kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, ili seli hiyo isipite katika bandama na kuharibiwa. Mishipa ya ubongo huziba, damu huenda kwa taabu, na seli za ukuta huo huamka kana kwamba zimejeruhiwa. Hapo huachiliwa saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana ujumbe, maarufu zaidi kati yake ikiwa TNF, na ujumbe huo huongeza vinata kwenye ukuta wa mishipa, huita seli nyeupe zaidi na kulegeza maungio ya seli za ukuta mpaka majimaji yanapenya kwenye ubongo. Uchunguzi wa picha za sumaku uliofanywa kwa watoto wenye malaria ya ubongo mjini Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba kwa kiwango kikubwa.

Zaidi ya hayo, upande wa kuunga mkono umezizungumzia molekuli kali za oksijeni kama ajali ya kikemia, ilhali mwili huzitengeneza kwa makusudi. Seli nyeupe inapomeza kijidudu, kimeng'enya chake kinachoitwa NADPH oksidesi huzalisha supaoksidi kwa wingi ghafla ili kukiua, na watoto wanaozaliwa na kasoro ya kimeng'enya hicho hushambuliwa tena na tena na bakteria na kuvu ambao mwili wa mtu mwingine huwashinda bila taabu. Kwa hiyo mpangilio wa sababu na matokeo ni kinyume cha hoja iliyo mezani: mchochota hutangulia, na oksidishaji ni moja ya silaha zake.

Ushahidi wa mwisho wa upande huu unatoka Dar es Salaam, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulipima kwa watoto wa Kitanzania dalili za uzalishaji wa nitriki oksidi, gesi ambayo seli za mishipa huitoa ili mishipa ilegee na damu ipite. Watoto wenye malaria ya ubongo walionekana kuizalisha kwa kiwango cha chini kuliko wale ambao malaria yao haikuwa kali. Ukuta wa mshipa uliokosa gesi hiyo hubana na kunata, na huko ndiko seli za ubongo zinakoanza kukosa hewa na sukari.

Majibizano

MWANABIOKEMIA: Ushahidi wa Dar es Salaam unapokelewa kwa mikono miwili, kwa sababu unarudisha mjadala kwenye hemoglobini. Hemoglobini iliyomwagika nje ya seli huinasa nitriki oksidi na kuioksidisha kuwa nitrati, hivyo gesi inayohitajika kulegeza mishipa humalizwa kabla haijafanya kazi. Hata kama yapo maelezo mengine ya upungufu huo, likiwemo la kupungua kwa ajinini, asidi amino inayotumika kuitengeneza gesi hiyo, sehemu ya kubana huko kwa mshipa ni tendo la oksidishaji.

Tena, upande wa kupinga unasema mchochota hutangulia, lakini haujasema ni nini kinachouwasha. Hemu iliyo huru hutambuliwa na kipokezi cha TLR4 kilicho juu ya seli nyeupe, kile kile kinachotambua sumu za bakteria, na molekuli kali za oksijeni huiamsha ndani ya seli protini iitwayo NF-kB, ambayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za saitokini. Mwaka 2007 watafiti nchini Ureno walionyesha kwamba panya waliokuwa na uwezo mkubwa wa kuivunja hemu kwa kimeng'enya cha hemu oksijenesi hawakupata malaria ya ubongo, ilhali walionyimwa kimeng'enya hicho walikufa, na wingi wa vimelea katika damu haukuwa ndio uliowatofautisha. Hemu ilipodhibitiwa, ubongo ulinusurika.

MTAALAMU WA KINGA: Hoja ya TLR4 inausaidia upande huu kuliko inavyoudhuru. Kama hemu huamsha kinga kwa kugusa kipokezi, basi madhara yake hayo hayatokani na elektroni zilizonyang'anywa, yanatokana na ujumbe uliopokelewa, na ujumbe ni kazi ya mchochota. Panya nao wapokewe kwa tahadhari, kwa kuwa katika ubongo wa panya wanaotumiwa kwa majaribio hayo hujikusanya zaidi seli nyeupe, tofauti na ubongo wa binadamu ambamo seli nyekundu zenye vimelea ndizo hujazana.

Lipo pia suala la namna seli inavyokufa, ambalo upande wa kuunga mkono umelipita haraka. Seli inayokufa kwa apoptosi hujifunga vipande vipande na kumezwa na majirani kwa ukimya. Inayokufa kwa nekrosi, yaani kwa kupasuka bila utaratibu, humwaga vilivyomo, na mwili huvipokea vitu hivyo kama tangazo la hatari. Ipo njia ya tatu, pairoptosi, ambamo seli ya kinga iliyochochewa mno hujitoboa yenyewe na kuachilia saitokini zake zote. Katika njia hizi mbili za mwisho, kila seli inayokufa huwaita washambuliaji wengine, na hivyo kifo kimoja huzaa vingine hata pale kilichokianzisha kimeshaondoka.

MWANABIOKEMIA: Hapo pande mbili zinakaribiana bila kupenda. Kinachoamsha pairoptosi katika seli nyingi ni mkusanyiko wa protini unaoitwa inflamasomu, na miongoni mwa vitu vinavyouamsha ni molekuli kali zinazovuja kutoka kwenye mitokondria iliyojeruhiwa. Mitokondria hiyo huweza kujeruhiwa na TNF, na TNF huachiliwa kwa sababu ya hemu. Anayetaka kuukata mduara huu na kusema hapa ndipo mwanzo atakuwa amechagua mahali pa kukata kwa kupenda kwake.

Ushahidi wa kitandani

MWENYEKITI: Daktari ameyasikia hayo yote. Nadharia ikiwa sahihi huzaa tiba, au angalau huonyesha kwa nini tiba fulani inashindwa. Waliojaribu kuuzima oksidishaji, na waliojaribu kuuzima mchochota, walipata nini?

DAKTARI: Waliojaribu kuuzima mchochota walianza na deksamethasoni, dawa yenye nguvu ya kuutuliza, na katika jaribio lililofanyika Thailand kwa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo, likachapishwa mwaka 1982, vifo havikupungua, bali waliopona walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, na nimonia na kutoka damu tumboni vikaongezeka. Nchini Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 1996 liliwapa watoto wenye malaria ya ubongo kingamwili za kuinasa TNF yenyewe, na kati ya watoto 610 vifo vilikuwa karibu sawa katika makundi mawili, ila waliopewa kingamwili hizo na kupona walibaki na ulemavu wa mfumo wa neva kwa kiwango kikubwa zaidi. Waliojaribu kuuzima oksidishaji nao hawakufika mbali, kwa kuwa N-asetilsisteini, dawa inayoipatia seli malighafi ya kutengeneza glutathioni, ilijaribiwa barani Asia kwa watu wazima 108 wenye malaria kali, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha faida yoyote.

Kilichookoa maisha ni kumwondoa aliyeuanzisha mduara. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambamo sindano za artesuneti zililinganishwa na kwinini, na vifo vikawa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti dhidi ya asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Artesuneti huviua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla havijaanza kunata kwenye mishipa, na hivyo seli nyekundu ambazo zingekwenda kuziba ubongo haziifikii hatua hiyo.

Lakini namna dawa hii inavyofanya kazi ni fundisho kwa wote wawili. Molekuli ya artesuneti ina daraja la atomu mbili za oksijeni, na chuma cha hemu ambacho kimelea kimekirundika ndani yake hulivunja daraja hilo na kuzaa radikali zinazoziharibu protini za kimelea. Kemia ile ile inayoua seli za figo hutumika kukiua kimelea, kwa kuwa imetokea mahali panapofaa. Upande mwingine wa jambo hilo huonekana kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao wanakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 400 duniani. Seli nyekundu haina mitokondria, na hutegemea kimeng'enya hicho kupata nguvu ya kuihuisha glutathioni yake, hivyo mwenye upungufu akipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa dozi kubwa ya siku nyingi, seli zake hupasuka kwa wingi na damu humwishia. Wenye upungufu huo wako wengi katika maeneo yenye malaria, kwa sababu seli isiyohimili oksidishaji ni makao mabaya kwa kimelea.

Upo ushahidi mwingine ambao hauhitaji jaribio kubwa, na fundi wa maabara huuona kila siku. Tone la damu la mtoto aliyezidiwa likipakwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini, vimelea vinaweza kuonekana vichache kwa namna inayodanganya, kwa kuwa vilivyokomaa vimejificha kwenye mishipa ya ndani. Lakini ndani ya seli nyeupe huonekana punje za kahawia iliyokoza: ni hemozoini, mabaki ya hemoglobini iliyoliwa na vimelea ambavyo tayari vimepasuka. Zaidi ya asilimia 5 ya seli nyeupe za aina ya nyutrofili zikiwa na punje hizo, mgonjwa yuko katika hatari kubwa ya kufariki. Katika seli hiyo moja chuma cha msemaji wa kwanza kimemezwa na askari wa msemaji wa pili, na daktari anayeisoma ripoti ya maabara hawezi kuvitenganisha.

Kurekebisha hoja

MWENYEKITI: Ushahidi wa Daktari umezibana pande zote mbili. Kama oksidishaji ndio muuaji pekee, N-asetilsisteini ilipaswa kuonyesha walau dalili ya kusaidia. Kama mchochota ndio muuaji pekee, kuinasa TNF kulipaswa kuwaokoa watoto wa Gambia. Kila upande useme ni nini unachoweza kukiacha, na ni nini hauwezi.

MWANABIOKEMIA: Upande wa kuunga mkono unaliacha neno "matokeo" lililo katika hoja, kwa kuwa mchochota umeonekana kuwa mshiriki kamili. Kisichoachwa ni figo. Jaribio dogo lililofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2018 liliwapa wagonjwa wazima parasetamoli kwa vipindi maalumu, kwa sababu dawa hiyo ya kawaida huizuia hemoglobini iliyomwagika isioksidishe mafuta ya utando, na utendaji wa figo uliimarika zaidi kwa walioipata, hasa wale ambao seli zao nyekundu zilikuwa zimepasuka kwa wingi. N-asetilsisteini ilishindwa, ilhali parasetamoli iliilenga hemoglobini iliyomwagika yenyewe.

MTAALAMU WA KINGA: Upande wa kupinga nao unaacha dai kwamba mchochota hutangulia daima. Kisichoachwa ni ubongo, ambamo kuziba kwa mishipa na kulegea kwa kuta zake ndiko kunakoamua uhai. Kushindwa kwa dawa za Gambia na Thailand kunafundisha kwamba saitokini zilipozimwa, zilizimwa zikiwa zimechelewa, tena zikazimwa pamoja na kazi yake njema. Moto wa mafiga hautiwi maji kwa sababu tu mtoto ameungua. Hurudishwa chini ya chungu, na kuni zilizozidi zikaondolewa.

MWENYEKITI: Kwa hiyo tofauti iliyobaki ni ya kiungo na ya wakati. Katika figo, uzito uko zaidi kwa hemu na oksidishaji wake. Katika ubongo, uko zaidi kwa ukuta wa mshipa na mchochota wake. Na katika viungo vyote viwili kila kimoja hukilisha kingine mpaka seli inashindwa kurudi katika hali yake. Hoja inasomwa upya hivi: "Katika malaria kali, seli huuawa na mduara ambamo oksidishaji na mchochota huzalishana, mduara unaoanzishwa na kimelea na ambao hukatika kwa urahisi zaidi pale kimelea kinapoondolewa mapema." Pande zote mbili zimeridhia maneno hayo, kila mmoja akibaki na kiungo chake.

Maana ya mjadala kwa msomaji

Hoja iliyorekebishwa ina matokeo mawili ambayo hayafai kubaki katika vitabu vya wataalamu. La kwanza linahusu vidonge, unga na vinywaji vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa sumu mwilini na kuzuia uzee kwa nguvu ya antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia oksidishaji. Ahadi hiyo huichukulia oksijeni kali kama adui asiye na kazi nyingine, ilhali mjadala umeonyesha kwamba seli nyeupe huitumia kuulinda mwili na kwamba dawa bora ya malaria kali huitumia kukiua kimelea. Hata nje ya malaria, pale wazo hilo lilipopimwa kwa uangalifu halikusimama: nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio la betakarotini na vitamini E, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliopewa betakarotini. Matunda na mboga za majani hubaki chakula chema, lakini kidonge cha dozi kubwa ni kitu kingine, na mgonjwa mwenye homa hana sababu ya kukitanguliza mbele ya kipimo cha malaria.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu saa. Kama seli hufa kwa mduara unaojilisha wenyewe, basi kila saa ya kuchelewa humaanisha seli nyekundu zaidi zilizopasuka, chuma zaidi kilichomwagika, mishipa zaidi iliyoziba, na hatimaye hufika mahali ambapo kimelea kinaweza kuuawa na mgonjwa bado akafariki, kwa kuwa uharibifu haukihitaji tena. Jaribio lililofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2009 lilipima jambo hilo moja kwa moja, kwa kuwapa wagonjwa wa vijijini waliokuwa mbali na hospitali artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari. Miongoni mwa wale waliokuwa bado hawajafika kwenye matibabu baada ya zaidi ya saa 6, vifo na ulemavu wa kudumu vilikuwa karibu nusu ya vilivyotokea kwa waliopewa dawa bandia. Dozi hiyo haikuwa tiba kamili, na anayeipata analazimika kufikishwa hospitalini kwa sindano za artesuneti na dozi kamili ya dawa mseto, lakini iliuchelewesha mduara ukiwa bado unaweza kuchelewa.

Kwa hiyo mabishano ya kemia na kinga yanapoulizwa yanamsaidia nani, jibu lake ni mtoto mwenye homa na degedege aliye kijijini usiku, ambaye ubongo wake bado haujavimba na figo zake bado zinachuja. Sayansi imeshaeleza kwa nini dawa inayomfikia saa hiyo ina thamani kuliko dawa zote za kutuliza mchochota na oksidishaji zitakazomfikia kesho yake, na kilichobaki ni wajibu wa wanaopanga bajeti za zahanati, wanaosambaza dawa na wanaosimamia usafiri wa wagonjwa, kuhakikisha kwamba artesuneti iko kwenye kabati la zahanati iliyo karibu naye na kwamba yupo mhudumu aliyefunzwa kuitoa.